Treni ya Uwanja wa Ndege Isimame Njiani

Kila serikali inapozungumzia treni ya kuunganisha jiji na uwanja wa ndege, swali linalotangulizwa ni la muda: safari itachukua dakika ngapi? Nashikilia kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: treni itasimama wapi? Treni isiyosimama njiani imekwisha kuamua nani ni abiria na nani ni mtazamaji, na uamuzi huo ni wa kisiasa hata ukivikwa joho la uhandisi.

Tuutazame mfano wa London, jiji ambalo wapangaji wetu hupenda kulinukuu. Mwaka 1998 ilifunguliwa Heathrow Express, treni inayotoka kituo cha Paddington na kufika uwanja wa Heathrow kwa dakika 15 bila kusimama. Tawi la reli linaloacha njia kuu na kuingia uwanjani liligharimiwa na kumilikiwa na kampuni ya uwanja wenyewe. Kati ya Paddington na Heathrow kuna Ealing, Hanwell, Southall na Hayes, maeneo ambayo wafanyakazi wengi wa uwanja huo huishi. Kwa miaka saba wakazi wake waliiona treni ya uwanja wa ndege ikiwapita kwa kasi. Ni kweli kwamba reli ya chini ya ardhi ya Piccadilly ilikuwa imefika Heathrow tangu 1977, ikisimama vituo vingi, lakini hiyo hupita upande wa Hounslow.

Juni 2005 ndipo ilipoanza Heathrow Connect, treni ya kawaida iliyosimama katika vituo hivyo na kumaliza safari kwa takriban nusu saa. Haikuwa na fahari yoyote. Hakuna kiongozi anayetamani kukumbukwa kwa treni inayosimama Hanwell. Hata hivyo, ndiyo iliyokiri ukweli ambao ile ya kifahari iliuficha: kwamba uwanja wa ndege, kabla ya kuwa lango la wasafiri, ni mahali pa kazi. Kabla ya janga la Uviko-19, Heathrow ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70,000.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuijua Southall. Wakenya wengi wenye asili ya Asia waliokimbilia Uingereza kabla ya sheria ya uhamiaji ya 1968 kuwafungia mlango walitua Heathrow, na baadhi yao wakaweka makao Southall. Agosti 2005, miezi miwili tu baada ya Heathrow Connect kuanza, kampuni ya Gate Gourmet iliyoandaa chakula cha ndege za British Airways iliwafukuza kazi wafanyakazi zaidi ya 600, wengi wao wanawake wenye asili ya Kusini mwa Asia wanaoishi maeneo hayo. Wapakiaji mizigo wa British Airways waligoma kuwaunga mkono, na ndege zikabaki chini. Hapo hata abiria wa daraja la kwanza alilazimika kufahamu kwamba safari yake huanzia mikononi mwa mama wa Southall anayepanga sahani alfajiri.

Lakini kusimama peke yake hakukutosha. Tiketi za kawaida za jiji zilifika Hayes zikakoma. Kipande cha mwisho, kilomita chache tu, kilikuwa na nauli yake maalumu, kwa kuwa reli ilikuwa mali ya uwanja. Baadaye, mpango wa kupitisha treni za umma ulipoiva, kampuni ya uwanja ilitaka zilipie pia gharama za zamani za ujenzi. Mamlaka ya usimamizi wa reli ilikataa, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaiunga mkono mamlaka hiyo. Mei 2018 huduma ya Heathrow Connect ikachukuliwa na mamlaka ya usafiri ya London, na Mei 2022 ikaingizwa katika reli mpya ya Elizabeth. Leo kadi ya jiji inafika hadi uwanjani, ingawa nauli kutoka katikati ya London bado imepandishwa. Ilichukua miaka 20 kurekebisha kosa la kumwachia mwenye uwanja aamue nani apande.

Mwezi ule ule wa Mei 2022, Nairobi nasi tulifungua njia yetu: Nairobi Expressway, kilomita 27 za barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikipita karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta. Mwenye gari dogo na pesa ya ada hufika upesi. Chini ya nguzo zake, msongamano wa Mombasa Road unaendelea, na ndani yake wamo wafagiaji, walinzi, wapishi na wapakiaji mizigo wa uwanja huo huo. Reli ipo jirani. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa 2012, kile cha SGR 2017. Ahadi ya kuifikisha reli uwanjani tumeisikia hadi tumeizoea.

Najua pingamizi litakalotolewa: mwekezaji na mtalii wanataka kasi. Tupige hesabu. Mfagiaji anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, hufunga safari 480 za kwenda na kurudi. Mtalii anakwenda na kurudi mara moja, na hatakosa ndege kwa sababu treni ilisimama Imara Daima. Nani hasa ndiye mteja wa reli hii?

Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja wa Jomo Kenyatta, na safari zikakwama. Novemba mwaka huo huo Rais William Ruto akaufuta mpango huo. Nchi nzima iliona uwanja unasimamia miguu ya nani. Miguu hiyo ndiyo inayostahili kubebwa kwanza.

Kwa hiyo, reli ya uwanjani itakapojengwa, tudai mambo manne. Isimame wanakoishi wafanyakazi. Nauli yake iwe ile ile ya treni nyingine za jiji, bila tozo ya kuingia uwanjani. Ratiba yake ifuate zamu za usiku na alfajiri, si saa za ofisi peke yake. Na reli yenyewe, hadi mita ya mwisho, iwe mali ya umma, kwa sababu anayemiliki kipande cha mwisho ndiye anayepanga bei ya safari yote.

Wewe mtumishi wa umma ambaye michoro ya reli hii itapita mezani pako: kabla hujasoma idadi ya dakika, hesabu vituo. Ukikuta viwili tu, cha mjini na cha uwanjani, usiutie sahihi.