Glasi ya Mgeni Rasmi Si Kipimo

Mgeni rasmi akija Nachingwea au Ruangwa kuzindua mradi wa maji, mambo ni yale yale. Ngoma, utepe, koki inafunguliwa, anakinga glasi, anaiinua juani, anakunywa. Makofi! Mama katuliwa ndoo kichwani. Haya, tumeshukuru. Sasa tuambieni ndani ya ndoo mna nini.

Maana risasi, yale madini yenye sumu, haionekani kwenye glasi. Ndiyo, jina moja na ile ya bunduki, ila hii hailii. Haina rangi, harufu wala ladha. Ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe imebaki sufuriani. Dawa ya maji inaua vijidudu, risasi haiigusi. Inamla mtoto ubongo polepole, naye mwalimu anamwita mzito wa kuelewa.

Ukiuliza, jibu lipo tayari: chanzo ni safi, chemchemi ya Mbwinji hiyo! Nani anakunywa Mbwinji? Tunakunywa kwenye koki. Risasi mara nyingi huingia njiani: kwenye viungio, koki na valvu zilizochanganywa madini hayo. Toamasina, Madagaska, watafiti waliikuta kwenye maji ya pampu za mkono, na iliyoitia ni pampu yenyewe.

Sisemi maji yetu yana sumu. Nasema yapimwe, na wanywaji tuwepo. Kazi yenyewe haihitaji shahada. Alfajiri, kabla mtu hajagusa koki, kinga lita ya kwanza kwenye chupa ya maabara. Usiimwage, hiyo ndiyo iliyolala na bomba. Acha maji yatiririke, kisha kinga ya pili. Ya kwanza ikiwa chafu na ya pili safi, mchawi ni koki, si chemchemi. Flint, Marekani, mwaka 2015, wakazi walijaza chupa zao hivyo huku wakubwa wakiapa maji ni salama. Chupa zikawaumbua wakubwa.

Na tusiambiwe majibu ni siri ya ofisi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tunayo tangu 2016.

Mwenyekiti wa kijiji, mkutano mkuu ujao hii iwe ajenda, usiitupe kwenye mengineyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita. Iandike ubaoni, palepale panapobandikwa mapato na matumizi, na chini yake uweke namba ya koki yetu.