Kingi: Acheni kuuza tifoide kwa karatasi ya Widal

Hapa Kingi, kama kwingi katika Masisi na Walikale, mtu akipata homa siku tatu na kichwa kikimuuma, jibu linajulikana hata kabla ya kipimo: tifoide. Anatobolewa, analipa, anapewa karatasi yenye "Widal 1/160", kisha anatumwa kununua cipro. Mama aliyekimbia vita na kifurushi kimoja anauza maharagwe ya msaada ili apate franga hizo. Mwezi ukiisha homa inarudi, na karatasi inasema yaleyale.

Isemwe wazi: karatasi hiyo peke yake haionyeshi kwamba mtu anaugua tifoide leo.

Kipimo hicho ni cha tangu 1896, kilipoelezwa na Mfaransa Fernand Widal. Tone la maji ya damu huchanganywa na vijidudu vya tifoide vilivyouawa. Vikishikamana, damu ina kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda ili kupigana na kijidudu. Lakini askari hao hubaki vita ikiisha. Aliyeugua zamani anaweza kuwa nao, aliyeguswa na salmonela ya aina nyingine vilevile, na hata malaria huweza kukidanganya kipimo. Familia zinazokunywa maji ya mto, ni nani kati yao hajawahi kukutana na vijidudu hivi? Mpime kijana mzima anayetoka shambani, labda naye atapewa cipro. Tena, katika wiki ya kwanza ya ugonjwa askari huwa bado wachache, na mgonjwa wa kweli anarudishwa nyumbani.

Wengine huuliza: kipimo cha Ukimwi si kinatafuta kingamwili pia, na tunakiamini? Ndiyo, kwa sababu virusi vya Ukimwi haviondoki mwilini, na jibu chanya huhakikishwa kwa kipimo kingine kabla mtu hajaambiwa. Widal ya mara moja haina ulinzi huo.

Tifoide yenyewe si hadithi. Kinshasa, mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005, watu zaidi ya 42,000 walihesabiwa kuwa wagonjwa, 214 wakafa, na karibu 700 walitoboka utumbo au kuoza tumbo. Ndiyo maana kucheza nayo ni kosa.

Wauguzi watajibu kwamba kipimo cha kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu hakipatikani kijijini: kinaomba vifaa, umeme na siku kadhaa. Ni kweli, na hata hicho hukosa wagonjwa wengi. Lakini kukosa kipimo kizuri hakumpi mtu ruhusa ya kuuza kibaya. Ianze malaria, kwa kipimo cha haraka. Homa ikiendelea na tumbo likiuma, muuguzi atibu tifoide kwa dalili na amwambie mgonjwa kwamba anakisia. Tumbo likiwa gumu kama ubao, hospitali siku hiyohiyo. Cipro ya kumezwa ovyo inavizoeza vijidudu dawa, na siku tutakapoihitaji haitafanya kazi.

Wakubwa wa maeneo ya afya na mashirika yanayosaidia wakimbizi walete maji safi, klorini na vipimo vya malaria. Chupa za Widal zilizo kabatini zikiisha, zisiagizwe tena.