Chungu cha Wachumaji



Kila ufikapo msimu twaletewa mashtaka yale yale: wachumaji wamekimbia, wamehamia shamba la jirani, na karafuu zachanua mtini. Safari hii tumewauliza wachumaji wenyewe, na jibu tulilopewa latia haya. Mtu hupanda mkarafuu tangu asubuhi, na adhuhuri hupewa muhogo mkavu na chai ya rangi. Mkarafuu ni mti mrefu na matagaa yake hukatika upesi. Anayeshikwa na kizunguzungu kule juu kwa njaa, je, tutasema ni ajali tu?

Wengine watatujibu kuwa nyama ghali. Na nani aliyetaja nyama? Bahari imetuzunguka pande zote. Mchuzi wa pweza hupikwa nyumbani kwa chungu kimoja, na twaueleza hapa khasa kwa wanachama wanaume, ambao aghlabu hupanga chakula cha kambi bila ya kumwuliza mwenye jiko.

Pweza apigwe mpaka alegee, kisha achemshwe kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, mpaka aive, ndipo akatwe vipande. Kaanga vitunguu, thomu na tangawizi. Tia manjano, bizari nzima iliyotwangwa na pilipili, halafu tungule mpaka zivurugike. Mtie pweza na tui jepesi, uache vichemke pamoja. Tui zito hutiwa mwisho, huku wakoroga lisikatike. Epua, kamulia ndimu.

Na karafuu? Tatu tu, nzima, wakati wa kukaanga. Mwanachama mmoja alitukaribisha kwake akiwa ametia konzi nzima kwa kujivunia mali ya shamba lake. Tulikula dawa ya jino. Pweza akikosekana, ngisi atafaa, illa yeye hataki kuchemshwa kwanza. Mtie mwishoni, kwa kitambo kidogo, la sivyo hugeuka mpira.

Nazi twaangua wenyewe, muhogo tunao, ndimu zaoza chini ya miti. Kinachonunuliwa ni pweza na viungo kidogo. Twaomba chungu hiki kiinjikwe katika kila shamba kabla ya pishi ya kwanza kupimwa. Na kwa yule aliyetuuliza kama gharama yake yaweza kukatwa katika malipo ya mchumaji, jibu la Chama ni hapana.