LUGHA YA KIGENI IPI IMFAE MFANYAKAZI?



Katika matawi yetu ya miwa, ya chai na ya viwandani kuna hoja moja inayozuka kila penye mkutano. Chama kimekubali kutenga sehemu ya ada zetu ili kuendesha madarasa ya jioni, na fedha iliyopo inatosha mwalimu mmoja kwa kila tawi, jioni mbili kwa juma. Swali ni afundishe lugha gani. Wenzetu wa viwanda vya Namanve na Kapeeka wanataka Kichina. Wa mashamba ya chai ya Kyenjojo na Bushenyi wanataka Kiingereza. Akina mama wenye mabinti waliokwenda kufanya kazi Arabuni wanataka Kiarabu. Madereva na wapakizi wa mpakani Mpondwe wanataka Kifaransa. Kila upande una sababu zake, na si vizuri jambo hili liamuliwe na wenye sauti kubwa tu. Kwa hiyo sisi wa ukurasa huu wa Kiswahili tunatoa maoni yetu kabla kura hazijapigwa.

Kwanza tupatane juu ya kipimo. Wengi wanapima lugha kwa kuuliza, "Nani ana fedha siku hizi?" Kipimo hicho kimewahi kutudanganya. Kabla ya 1972 matajiri wengi wa viwanda na mashamba ya nchi hii walizungumza Kigujarati wenyewe kwa wenyewe, na mfanyakazi aliyeokota maneno mawili matatu alihesabiwa mjanja. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Wakaondoka, na yule mjanja akabaki na maneno yasiyo na wa kuambiwa. Baadaye baadhi yao walirudi, wakaja na wengine, na sasa wengine wanatoka China. Matajiri wamebadilika mara ngapi! Lakini katika muda wote huo sheria za kazi za Uganda ziliandikwa kwa Kiingereza, na mahakamani kesi ziliendeshwa kwa Kiingereza.

Kipimo chetu sisi ni kingine. Tunauliza: je, lugha hii itamwezesha mfanyakazi kusoma anachotiwa saini, na kujibu anapoambiwa? Maana kuna lugha ya kujibu, na kuna lugha ya kuamriwa. Katika migodi ya Afrika ya Kusini wafanyakazi kutoka Msumbiji, Malawi na kwingineko walifundishwa Fanagalo, lugha iliyochanganywa kutokana na Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Ilipanda hadi Rhodesia ikaitwa Chilapalapa, ikafika migodi ya shaba ya Zambia ikaitwa Chikabanga. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Kisetla, yaani Kiswahili cha mabwana shamba wa Kizungu. Lugha hizo zilijaa maneno ya leta, chukua, upesi, nyamaza. Mtu aliweza kuzitumia miaka ishirini na asipate namna ya kudai likizo au fidia ya kidole kilichokatika. Mtu huyo alikuwa amejifunza lugha, lakini lugha ya kutumwa.

Sasa tutazame Kichina. Hatukidharau hata kidogo. Ni lugha ya taifa kubwa, Makerere wana taasisi ya kukifundisha tangu 2014, na tangu 2019 kimeingia katika baadhi ya shule zetu za sekondari. Wanaosema kwamba sauti zake za kupanda na kushuka ni ngumu wanasahau kwamba Kiganda na Kilugbara navyo vina sauti za namna hiyo. Ugumu uko kwenye maandishi. Ili mtu asome gazeti la Kichina inampasa ajue alama zisizopungua elfu mbili, na mwenzetu aliyesimama mbele ya tanuru saa kumi hawezi kuzimaliza kwa jioni mbili za juma. Atapata salamu, hesabu na amri. Tunaogopa kwamba Kichina cha miezi mitatu kitakuwa Kisetla kipya.

Wenzetu wanatujibu kwamba anayejua Kichina kiwandani hufanywa mkalimani na kulipwa zaidi. Hilo ni kweli. Lakini kiwanda chenye watu mia nne kinataka wakalimani wangapi? Wawili, labda watatu. Waliobaki wanarudi kwenye tanuru kwa ujira ule ule. Tena mkalimani huyo huketi upande wa mwajiri siku ya mazungumzo, maana ndiye anayemlipa. Akipunguza neno letu, au akilainisha neno la tajiri, nani kwetu atajua? Hapa ndipo tunapokiona Kichina kuwa na kazi. Kila tawi lenye mwajiri wa Kichina lichague wajumbe wawili vijana, chama kiwalipie wajifunze barabara kwa miaka miwili au mitatu, kisha upande wetu wa meza nao uwe na masikio.

Kuhusu Kiarabu, shida ni ya haraka zaidi, kwa sababu anayekwenda Arabuni huenda peke yake na hana tawi la kumsemea. Wasafiri wengi hudhani Kiswahili kitawatosha, kwa kuwa maneno kama haki, sheria, hesabu na saa tumeyapata kwa Waarabu. Yatasaidia kidogo, lakini tahadhari! Huko mshahara huitwa ratibu, mkataba huitwa akdi, pasi ya kusafiria ni jawazi, na mdhamini aliyeshika kibali chako ni kafili. Binti asiyeyajua maneno haya manne hajui anazungumziwa nini chumba cha pili. Isitoshe, sheria ya kazi ya Saudi Arabia inasema kwamba mkataba ukiandikwa kwa Kiarabu na kwa lugha nyingine, maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayoshika. Basi nakala ya Kiingereza uliyosomewa Kampala inaweza kuwa nzuri na isikufae kitu. Tunashauri kwamba kila anayejiandaa kusafiri apewe mafunzo ya majuma machache ya Kiarabu cha kazi, na mkataba wake wa Kiarabu usomwe na mtu tunayemwamini kabla hajatia saini.

Kifaransa nacho kina nafasi yake mpakani. Ng'ambo ya Mpondwe na Bunagana tunaelewana na watu kwa Kiswahili, maana huko Kongo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Karatasi za forodha na za polisi, lakini, ni za Kifaransa. Dereva ajifunze kusoma karatasi hizo. Lakini tusisahau yaliyotokea Rwanda. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba shule ziache kufundisha kwa Kifaransa zifundishe kwa Kiingereza, na walimu waliosomea Kifaransa maisha yao yote wakajikuta wanaanza upya. Wakubwa wakibadili lugha, mdogo ndiye anayelipa.

Tunafika kwenye Kiingereza, na hapa tunajua kwamba baadhi yenu mtakunja uso. Ni lugha ya waliotutawala. Wengi wetu shuleni tulipigwa kwa kusema lugha za mama zetu, tukavishwa kibao shingoni, na mpaka leo mtu akisikia Kiingereza anajiona mjinga. Hasira hiyo ni ya haki. Hata hivyo tazameni mambo yalivyo. Karatasi ya mshahara ni ya Kiingereza. Mapatano ya pamoja kati ya chama na mwajiri ni ya Kiingereza. Barua ya kuachishwa kazi ni ya Kiingereza. Sheria inasema kwamba katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mfanyakazi hutoa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Asiyeweza kusoma karatasi yake atajuaje kama ile 10 imelipwa, au kama imekatwa kwake pia?

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mwalimu wa jioni afundishe Kiingereza, ila kisiwe kile cha kibao shingoni. Hatutaki masomo ya kukariri. Somo la kwanza liwe karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari. La pili liwe mkataba wa kazi. La tatu liwe mapatano yetu ya pamoja. La nne liwe chupa za dawa za shambani: ukanda mwekundu ni sumu kali kabisa, wa njano unafuata, kisha wa bluu, kisha wa kijani, na mtu asome pia ni saa ngapi zipite kabla ya kurudi katika shamba lililopuliziwa. Na mwalimu aeleze yote hayo kwa Kiswahili, au kwa lugha wanayoielewa waliopo. Aliyeishia darasa la nne anaweza kuyajua haya katika mwaka mmoja.

Jambo moja tulishike sana. Kujifunza kwetu kusimwondolee mwajiri wajibu wake. Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unataka kemikali za hatari ziwe na maelezo yanayoeleweka kwa urahisi na wafanyakazi. Jirani zetu Wakenya wana sheria ya ajira ya 2007 inayomtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba wake kwa lugha anayoielewa, ikiwa hajui kusoma au haijui lugha iliyotumika. Basi tunapokaa darasani jioni, asubuhi tuendelee kudai kwamba maonyo ya mashine na ya sumu yaandikwe kwa lugha zetu. Tajiri aliyevuka bahari na mitambo yake asishindwe kuleta mtu wa kutafsiri ubao mmoja.

Na Kiswahili? Wako wanaokiita lugha ya kigeni hapa Uganda, na wako wanaokumbuka bunduki wakikisikia, kwa sababu ya maovu waliyotendewa na askari waliokizungumza. Tunawaelewa. Lakini katika kambi moja ya vibarua wa miwa utamkuta Mualuri, Mulugbara, Mukiga, Munyarwanda na Mukongo. Mkutano wao utaendeshwa kwa lugha gani? Tangu 2005 katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kitekelezwe hivyo. Mfanyakazi hakungoja agizo hilo. Lugha za kigeni tunazisoma ili tupambane na karatasi; Kiswahili tunakihitaji ili tupatane sisi kwa sisi kabla ya kwenda kuikabili hiyo karatasi.

Basi, ndugu, kura ni yenu. Sisi tunapendekeza: Kiingereza cha kazi kwa wote, wajumbe wawili wa Kichina panapohusika, mafunzo mafupi ya Kiarabu kwa wasafiri na ya Kifaransa kwa watu wa mpakani, na mikutano yetu iendelee kwa Kiswahili. Asiyekubaliana nasi asimame mkutanoni aseme, kwa lugha yoyote aijuayo. Atakayemtafsiria hatakosekana.

Umoja ni nguvu.