Afya ya Familia: Mtoto anayesogelea ubao

Mwezi huu tuongee juu ya macho ya watoto.

Darasani kuna mtoto anaitwa mvivu. Anakosea kunakili, anaruka mistari, anasogea mbele mpaka pua inakaribia kugusa ubao. Nyumbani anapigwa sababu ya alama mbaya. Kumbe haoni! Na hawezi kusema "sioni," maana tangu zamani anaiona dunia hivyo hivyo, anadhani na sisi wote tunaiona vile.

Watafiti wanajua kwamba madaktari wa macho ni wachache na wako mbali. Kwa hiyo siku hizi wanauliza: je, mwalimu au mhudumu wa afya wa kawaida anaweza kumtambua mtoto huyu? Inawezekana. Kipimo chenyewe ni herufi E iliyogeuzwa huku na huku, mtoto anaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anapimika.

Lakini sikilizeni hili. Huko Kenya, kaunti ya Trans Nzoia, walijaribu katika shule za msingi 50, walimu ndio wakapima. Shule 25 walitumia kadi ya karatasi, na mtoto mwenye shida akapewa barua ya kwenda hospitali. Shule 25 nyingine walitumia simu, na mzazi akapelekewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wake anavyoona ubao, ukungu mtupu, halafu akakumbushwa kwa meseji. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kwa barua peke yake, katika kila watoto 100 walioonekana na shida, 22 tu ndio walifika hospitali. Kwa picha na meseji walifika 54.

Mimi naona ile picha ndiyo iliwagusa wazazi. Barua tunazijua sisi: inakaa chini ya godoro, siku ya kliniki inaangukia siku ya mgao, basi imeisha. Wengine wanaogopa miwani, eti inaharibu macho. Siyo kweli. Miwani iliyopimwa vizuri haiharibu jicho, na mtoto akiivua anabaki na macho yake yale yale.

Kwa hiyo mzazi, ukiambiwa na mwalimu kwamba mtoto haoni vizuri, usiseme atakua. Muulize mhudumu wa afya anayepita kwenu siku gani wanapima macho, umpeleke. Hata ukiona mwenyewe anafinya macho au anashika daftari karibu na uso, inatosha kwenda.

Na mtoto ambaye mboni ya jicho ina weupe, hata kama halii na hasikii maumivu, huyo asisubiri siku ya kliniki. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa kansa. Mpelekeni leo hii.