Wawili wawili wodini

Na Rehema Mwakalinga

Ingia wodi ya wazazi asubuhi yenye kazi nyingi, utawakuta wanafunzi wa uuguzi na ukunga wamejipanga ukutani, daftari mkononi, wakimsubiri mkunga mmoja mwenye kina mama kadhaa walio kwenye uchungu. Hawezi kuwafundisha wote, na simlaumu. Kinachonikera ni ratiba za mafunzo kwa vitendo zinazomchukulia yeye kuwa ndiye mwalimu pekee pale.

Walimu wengine wapo. Nilimshuhudia mwanafunzi wa mwaka wa tatu akimwelekeza mdogo wake wa mwaka wa kwanza kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa fetoskopu.

“Dada, mbona sisikii kitu?”

“Tafuta kwanza mgongo wa mtoto umelalia upande gani. Haya, hapo. Sasa achia mkono, ibane fetoskopu kwa sikio tu. Halafu shika mapigo ya mama mkononi, usije ukahesabu ya mama ukadhani ni ya mtoto.”

Akahesabu dakika nzima, akapata 138. Dada akahesabu upya kuhakikisha. Swali lile sidhani kama yule mdogo angethubutu kulitamka mbele ya daktari wa raundi, na mwanafunzi asiyeuliza huishia kuandika namba ya kubuni.

Tuna ushahidi wa nyumbani kuhusu kufundishana. Mpango wa Helping Babies Breathe, ulioanza mwaka 2010 kuwasaidia watoto wasiopumua wanapozaliwa, huwafanyisha watu mazoezi wawili wawili kwa mwanasesere. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilibaini kwamba kozi ya siku moja ya mpango huo iliwanoa watumishi kwenye mwanasesere, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Yalipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale wodini, vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wale walikuwa watumishi. Basi mwanafunzi, ambaye mkono wake bado mgeni, anayahitaji mazoezi hayo zaidi.

Wapo wanaohofu kwamba mmoja akikosea atamwambukiza mwenzake kosa. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana sitaki jambo hili liendelee kutegemea bahati ya kupata rafiki mwema. Vyuo viwapange wanafunzi mkubwa na mdogo, zamu nzima pamoja. Wapewe mwanasesere na dakika 10 kabla ya zamu kuanza. Inchaji wa wodi asaini kile tu alichokiona kwa macho yake. Dawa, sindano na kushona msamba visiguswe bila mkunga kusimama pembeni. Na mama aombwe ruhusa kwa ajili ya wote wawili, kabla hajaguswa.