Kompyuta Inapouma Vidole

Juma hili, msomaji mpenzi, twajibu barua ya baba mmoja wa Morogoro. Baba huyu aliweka akiba kwa miezi mingi, akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, ili binti yake wa Kidato cha Tatu apate kujisomea nyumbani. Siku ya pili tu binti akakataa kuigusa. "Inauma vidole," akasema. Baba akagusa sanduku la chuma, naye akasikia kama sisimizi wanamtambaa. Tena, kila mara birika la umeme lilipowashwa jikoni, kompyuta ilijizima na kujiwasha yenyewe, na kazi ya mtoto ikapotea. Muuzaji yuko tayari kuipokea kwa nusu ya bei. Baba anauliza: airudishe, au avumilie?

Jibu letu ni hili: usiirudishe kwanza, wala usivumilie. Ichomoe leo, mwite fundi apime nyumba. Kwa dalili hizo mbili, yaelekea sana kompyuta ni nzima na ubaya umo ndani ya kuta. Tunalieleza jambo hili gazetini kwa sababu kuta za namna hiyo ziko katika nyumba nyingi, hata zisizo na kompyuta.

WAYA WA TATU

Soketi zetu za Tanzania, Kenya na Uganda zina matundu matatu. Moja ni la waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu. La pili ni la nyutro, waya unaorudisha umeme. La juu, lililo kubwa kuliko mengine, ni la ethi, yaani waya wa ardhini. Katika nyaya za siku hizi laivu ni ya kahawia, nyutro ni ya buluu, na ethi ni ya kijani yenye mstari wa manjano. Katika nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Kati ya laivu na nyutro pana volti 230 au 240. Ethi haina kazi mpaka siku ya hatari: laivu ikigusa chuma cha pasi au friji, ethi huupa umeme njia ya kwenda ardhini, ili fyuzi ikatike au swichi ya usalama ianguke kabla mtu hajaumia.

Sasa tazama kompyuta. Ndani ya kisanduku chake cha umeme mna vifaa vidogo viitwavyo kapasita. Viwili kati ya hivyo vimeunganishwa na sanduku la chuma, kimoja kutoka laivu na kimoja kutoka nyutro. Kazi yao ni kutuliza mikwaruzo ya umeme isisumbue redio na vyombo vingine. Kwa njia hiyo umeme kidogo sana hupita kwenda kwenye sanduku wakati wote. Ethi ikiwapo, umeme huo huteremka ardhini na hakuna anayejua. Ethi isipokuwapo, hubaki pale pale, na fundi akipima ataona volti kama 115, yaani nusu ya volti za laini. Mkondo wenyewe ni mdogo, kwa kawaida karibu na miliampea 1 au chini yake. Ndiyo sababu huuma tu, hauui.

Basi mtu atasema: kama hauui, kuna neno gani? Neno lipo, tena kubwa. Vidole vya mtoto vimekwisha kukuambia kwamba huenda nyumba haina ethi. Birika, pasi na friji vinaitegemea ethi hiyo hiyo. Tena matundu ya ethi ya soketi mbalimbali huwa yameunganishwa pamoja. Ikiwa waya huo haukufika ardhini, ubaya wa chombo kimoja huhamia kwa vingine. Siku waya wa ndani ya birika utakapochubuka na kugusa chuma chake, volti 230 kamili zitatembea kutoka jikoni hadi kwenye sanduku la kompyuta sebuleni, na fyuzi haitakatika. Mkondo huo hauna kapasita ya kuupunguza. Mtoto aliye peku juu ya saruji yenye unyevu, akigusa sanduku hilo, aweza kufa.

ETHI HUPOTELEA WAPI?

Hupotelea mahali pengi. Kuna mafundi wanaovuta nyaya mbili badala ya tatu ili gharama ipungue, nao huweka soketi ya matundu matatu ipendeze macho. Kuna nyaya za kurefushia, zile ekstensheni za bei ndogo, zenye matundu matatu juu na nyaya mbili tu ndani. Kuna adapta zisizo na ethi. Tena kuna ufito wa shaba uliochimbiwa nje karibu na mita: skrubu yake hushika kutu, au waya wake hukatwa na jembe, au shaba yenyewe huibwa.

Lipo pia jambo la kalamu. Mara ngapi umemwona mtu akisukuma kalamu au kijiti katika tundu la juu la soketi, ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia? Ndani ya soketi mna vifuniko vinavyoziba laivu na nyutro, na mguu mrefu wa ethi ndio ufunguo wake. Plagi hii ilitokana na mashauri ya kamati iliyokaa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili na kutoa taarifa yake mwaka 1944. Ndani ya kamati hiyo mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett. Walitaka soketi ambayo mtoto mdogo hawezi kutia kitu akafikia umeme, na kanuni yake ikatolewa mwaka 1947. Ukitumia kalamu, umefungua mlango uliofungwa kwa ajili ya mwanao. Tena mtoto hujifunza kwa kutazama. Kesho atafanya vivyo hivyo kwa msumari.

BIRIKA NA KOMPYUTA

Sasa dalili ya pili. Birika la wati 2,000 huvuta ampea karibu 9. Kama mahali fulani skrubu ya soketi imelegea, au nyaya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, umeme hupita hapo kwa taabu. Tuseme kiungo hicho kinapoteza volti 15. Zidisha 15 kwa 9, utapata wati 135. Hilo ni joto la zaidi ya balbu mbili za zamani za wati 60, nalo limefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Kiungo hupata moto, hulegea zaidi, hutoa cheche, na umeme hukatika na kurudi kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Taa na birika havijali. Kompyuta ya mezani huvumilia kukatika kwa kama sehemu moja ya 50 ya sekunde. Ikizidi hapo, huzimika. Kompyuta ya mapajani ina betri, kwa hiyo haitakuonya.

Dalili nyingine za kiungo kibovu ni hizi: soketi yenye alama ya kahawia au nyeusi, plagi yenye joto ukiichomoa, mlio mdogo kama wa kukaanga, na harufu ya plastiki inayoungua. Ukiona mojawapo, zima mein swichi. Moto wa nyumba huanza hivi hivi, usiku, watu wamelala.

Tena angalia kama taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi na za chumba kingine zinafifia, au kama nyumba yako inang'aa na ya jirani inafifia. Pengine nyutro imekatika njiani, na vyombo vyako vyaweza kupata volti karibu na 400. Hapo usingoje. Zima mein swichi, chomoa kila kitu, kisha itoe habari kwa shirika la umeme.

MSIDANGANYIKE

Wengi hununua UPS, lile sanduku lenye betri, wakidhani imemaliza shauri. UPS husaidia umeme unapokatika, lakini haileti ethi mahali isipokuwapo, wala haizimi moto ulio ukutani. Vifaa vya kuzuia umeme wa radi navyo hupoteza sehemu kubwa ya kazi yao bila ethi.

Tena usimkubalie fundi anayetaka kuunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi. Kipimo kitaonekana kizuri na sanduku halitauma tena, lakini nyutro ikikatika siku moja, chuma cha kila chombo kitakuwa na umeme kamili. Kadhalika usikubali fyuzi itengenezwe kwa uzi wa waya au karatasi ya sigara. Plagi ya kompyuta yatosha fyuzi ya ampea 3 au 5, nayo ya birika ampea 13.

MWAMBIE FUNDI HIVI

Tafuta fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania Bara leseni hutolewa na EWURA, na kwa Kenya hutolewa na EPRA. Usione haya kumwomba akuonyeshe. Kisha mwambie afanye haya mbele yako:

1. Apime kila soketi. Laivu na nyutro zionyeshe volti kama 230. Laivu na ethi vivyo hivyo. Nyutro na ethi ziwe karibu na 0.

2. Akague ufito wa ethi kule nje na waya wake wote, apime kama kweli unapeleka umeme ardhini.

3. Akaze skrubu za soketi zote, na kubadilisha zilizoungua. Waya wa soketi uwe wa milimita za mraba 2.5, wa 1.5 ni wa taa.

4. Aweke swichi ya usalama ya miliampea 30, ile yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Umeme ukivuja kupitia mwili wa mtu, swichi hiyo hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Bonyeza kitufe hicho mara kwa mara. Isipoanguka, ni mbovu.

Gharama ipo, hatukatai. Lakini baba wa Morogoro akiirudisha kompyuta atapoteza nusu ya fedha yake, na ukuta utabaki vile vile, ukimngoja mtu wa kugusa pasi. Kama baada ya matengenezo kompyuta bado inauma au inajizima, ndipo apelekewe fundi wa kompyuta.

Nanyi akina mama na akina baba wengine, jioni ya leo pitieni nyumba yenu chumba kwa chumba. Tazameni soketi bila kuzifungua. Hesabuni ekstensheni, na muone ni vyombo vingapi vimeninginia kwenye moja. Waulizeni watoto kama kuna chombo kinachowauma wanapokigusa. Mara nyingi wao wanajua, ila hakuna aliyewauliza.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kutunza jiko la gesi na mpira wake.